Kasuku wa Mauritius Hakuokolewa na Semina

Nianze na dodo, maana najua ndiye mnayemjua. Mtajie mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne jina la Mauritius, atakujibu mambo mawili: sukari na dodo. Na dodo ni maarufu kwa sababu moja tu, amekufa. Mara ya mwisho inayokubalika na wengi kwamba kuna mtu alimwona akiwa hai ni mwaka 1662. Tangu hapo kachorwa, kafinyangwa, kabandikwa kwenye vikombe na fulana za watalii, na amepewa heshima ya kushika ngao kwenye nembo ya taifa la Mauritius. Upande wa pili wa ngao hiyo yuko kulungu. Sasa sikilizeni uhondo wenyewe: kulungu si wa kule. Waholanzi walimleta kutoka Java mwaka 1639, na mpaka leo anatafuna miche ya msitu wa asili. Yaani ngao ya taifa zima imeshikwa na marehemu upande mmoja na mtuhumiwa upande mwingine.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo ugonjwa huu naujua kwa ndani. Chumba cha habari kinapenda maiti. Peleka habari ya mnyama aliyetoweka duniani, unapewa nusu ukurasa na picha kubwa. Peleka habari ya mnyama ambaye alikuwa anatoweka halafu hakutoweka, mhariri anavua miwani anakuuliza: sasa habari iko wapi hapo?

Habari iko hapa. Kwenye kisiwa hicho hicho cha dodo, kisiwa kikubwa kidogo tu kuliko Unguja, yupo kasuku wa kijani ambaye wenyeji humwita kato ver. Katikati ya miaka ya 1980 walijulikana kasuku 8 hadi 12 tu. Si elfu, si mia. Ni idadi ya abiria ambao konda wa daladala akiwa nao anagoma kuondoa gari kituoni. Kufikia mwaka 2019 walikuwa wamefika kama 750, na mwaka huo huo Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, wale wenye orodha ya viumbe walio hatarini, ukamshusha daraja la hatari kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa 2007.

Na katika miaka yote hiyo sisi tuliendelea kuandika habari za dodo.

Kwa wasiomjua, kato ver ana urefu wa kama sentimita 40, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Dume ana mdomo mwekundu na mstari mweusi na wa pinki shingoni, jike mdomo wake ni mweusi. Visiwa vile vya Mascarene, yaani Mauritius, Réunion na Rodrigues, vilikuwa na aina kadhaa za kasuku. Wote wamekwisha. Kabaki huyu peke yake. Anakula majani, maua na matunda ya miti ya asili, na anataga kwenye matundu ya miti mikubwa, mizee. Kwa hiyo ukikata msitu wa asili umemnyang'anya chakula na nyumba kwa mpigo mmoja.

Na msitu ulikatwa kweli kweli. Waholanzi walianza, Wafaransa wakaendelea, Waingereza wakamalizia, mwishowe kisiwa kikawa shamba la miwa. Msitu wa asili ulio katika hali nzuri uliobaki haufiki asilimia 2 ya kisiwa. Hapa na sisi tumo, msijifanye wageni. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Wafaransa kwenye visiwa vile. Baadhi ya mikono iliyolazimishwa kufyeka msitu wa kasuku huyu ilitoka pwani yetu. Nalisema hili kwa sababu kuna watu nikiwatajia ndege wa Mauritius wananiambia hayo hayatuhusu.

Kisha wakaja wageni wengine. Panya walishuka na meli. Kima waliletwa na mabaharia kutoka Asia, nao wanajua sana kuingiza mkono kwenye kiota. Mapera ya Kichina yalipandwa kwa ajili ya matunda, yakageuka magugu yanayoziba msitu kiasi kwamba miche ya asili haioni jua. Mwishoni mwa karne ya 19 waliachiwa kasuku wengine wa kutoka Asia, binamu wa karibu wa kato ver, wakazaliana na kuanza kugombea matundu yale yale ya miti. Juu ya yote hayo kuna vimbunga. Carol mwaka 1960, Gervaise mwaka 1975. Miaka ya 1970 serikali nayo ikafyeka sehemu ya msitu wa nyanda za juu ili kupanda misonobari, ndiyo ilikuwa maendeleo.

Mwaka 1979 alitoka kitabu mtaalamu mmoja Mwingereza, Norman Myers, mtu aliyeishi miaka mingi Nairobi na ambaye kwa haki kabisa ni mmoja wa walioiamsha dunia kuhusu kutoweka kwa viumbe. Katika kitabu hicho alimtolea mfano kozi wa Mauritius, ndege mwingine wa kisiwa hicho ambaye mwaka 1974 walijulikana wanne tu porini. Hoja yake ilikuwa ya mhasibu: huyu kozi karibu atakufa hata tufanyeje, basi tumwache, fedha zake ziende kwa ndege wenye nafasi kubwa zaidi ya kupona. Hoja ina mantiki. Ukiisoma usiku ukiwa umechoka utaikubali. Na kama hesabu hiyo ingefuatwa kwa kozi, kasuku naye alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo.

Mwaka huo huo wa 1979 alishuka Mauritius kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka Wales, Carl Jones. Waliomtuma walikuwa wamemwagiza aupunguze mradi wa ndege taratibu, aukabidhi kwa serikali na kufunga. Hakufunga. Alikaa miongo. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Indianapolis, moja ya tuzo kubwa kabisa za watu wa uhifadhi, na huko njiani kozi, njiwa wa pinki na kasuku wote walikuwa wamevuka.

Sasa hapa ndipo nataka tukae, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha. Wanasema "walihifadhiwa", halafu wanahamia sentensi inayofuata. Walihifadhiwaje?

Jike wa kato ver hutaga mayai mawili hadi manne. Kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye anayefanikiwa kuruka, wadogo zake wanakufa njaa ndani ya tundu. Basi watu walipanda miti. Kwa kamba, kila baada ya siku chache, mti kwa mti, kiota kwa kiota. Kinda aliyekuwa anadhoofika alitolewa akapelekwa kulelewa kwa mkono, analishwa kidogo kidogo kutwa nzima kama mtoto njiti. Kiota kilichopoteza mayai kiliongezewa kinda kutoka kiota kilichojaa. Mayai mengine yalichukuliwa mapema ili jike atage tena. Hata wale kasuku wa Asia, maadui wa kugombea matundu, wakageuzwa kuwa walezi wa kambo.

Bado. Kuna nzi ambao mabuu yao hunyonya damu ya makinda, hivyo kila kiota kinapigwa dawa. Matundu yanayovuja yanazibwa mvua isiingie. Matundu mapana yanapunguzwa mdomo ili ndege wakubwa zaidi wasiingie. Shina la mti linazungushiwa kitu cha kuteleza ili panya na kima wasipande. Sumu ya panya inawekwa, inakaguliwa, inawekwa tena. Yanatengenezwa masanduku ya kutagia, yanatundikwa, na kasuku wenyewe wanachukua muda mrefu kuyaamini. Inawekwa mitungi maalumu ya chakula ili wasife njaa miezi ambayo msitu hauna matunda. Kila ndege anavishwa pete mguuni na kuandikwa daftarini, baba nani, mama nani, katoka mti upi. Kuanzia mwaka 1997 wale waliolelewa na watu wakaanza kuachiwa msituni.

Niambieni katika orodha hiyo semina iko wapi.

Kuna mwaka nilitumwa kuripoti warsha ya uhifadhi ya siku tatu katika hoteli moja ya ufukweni. Jina la shirika nalihifadhi, si lao peke yao. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili. Alipofika alisoma hotuba ambayo ungeweza kuondoa neno "misitu" ukaweka neno "malaria" na hakuna ambaye angegundua. Kulikuwa na bango, fulana, kofia, kalamu, mikoba yenye nembo ya mradi. Washiriki waligawanywa makundi wakaandika changamoto kwenye makaratasi makubwa, makaratasi yakabandikwa ukutani, yakapigwa picha. Siku ya tatu mjadala mkali kuliko yote ulikuwa wa posho: je, siku ya kusafiri inahesabiwa? Waandishi nasi tulikuwa na bahasha zetu, tusijifiche. Mwisho likatoka azimio la kuandaa mkakati, na mkakati wenyewe utaandaliwa kwenye warsha nyingine.

Sisemi watu wasikutane. Wale wa Mauritius nao wana vikao, wana maandiko ya miradi, wana wafadhili wa kubembeleza. Ninachosema ni kwamba kwetu kikao kimekuwa ndiyo kazi yenyewe, na kupanda mti kumekuwa jambo la vibarua ambao hata kwenye ripoti hawatajwi. Kijana mwenye shahada ya elimu ya wanyamapori (nina marafiki kadhaa) ndoto yake ni ofisi ya mjini yenye kiyoyozi na gari lenye namba za mradi. Hatumlaumu, ndiko mshahara uliko. Lakini tusijidanganye kwamba kuna ndege anayepona kwa mpango huo.

Na tuna ugonjwa mwingine, wa mistari kwenye ramani. Serikali ikitangaza eneo fulani ni hifadhi, tunapiga makofi tunarudi nyumbani. Mauritius nao walichora mstari. Hifadhi ya Taifa ya Mabonde ya Mto Mweusi ilitangazwa mwaka 1994, kama kilomita za mraba 67 hivi, na bila hiyo kasuku asingekuwa na pa kukaa. Ila panya hasomi kibao cha "Hairuhusiwi Kuingia". Wala mapera ya Kichina. Msitu ule ukiwekewa uzio na askari tu, bila mtu wa kung'oa magugu mwaka hadi mwaka, ungekufa ukiwa umelindwa vizuri sana.

Najua mnachotaka kuniuliza, nimeulizwa sana hata na jamaa zangu wa karibu. Watu wana njaa, hospitali hazina dawa, wewe unatuletea kasuku? Swali hili linanichosha, na nitajibu kwa kifupi. Fedha isiyokwenda kwa kasuku haijawahi kujileta yenyewe hospitalini. Ingekuwa hivyo, nchi zilizomaliza ndege wao zingekuwa zinaogelea kwenye dawa. Mauritius ilipopata uhuru mwaka 1968 haikuwa tajiri, ilitegemea miwa na bei ya sukari. Leo wametuacha mbali kwa kipato, na ndege wao wako hai. Sidai kwamba kasuku ndiye aliyewatajirisha. Nasema tu hakuwazuia.

Swali la pili lina uzito zaidi: mbona ni kazi ya Mzungu? Ni kweli Jones ni Mwelisi, na fedha nyingi zilitoka nje, kwa watu kama wale wa bustani ya wanyama ya Gerald Durrell kule Jersey. Hilo siwezi kulifunika. Ila shirika lililobeba mzigo, la wanyamapori la Mauritius, lilianzishwa kule kule mwaka 1984. Linafanya kazi bega kwa bega na idara ya serikali ya hifadhi za taifa, na mkurugenzi wake wa uhifadhi, Vikash Tatayah, ni Mmauritius. Mgeni aliyekaa miaka arobaini akifundisha wenyeji kupanda miti ni kitu kimoja. Mgeni wa mkataba wa miaka miwili na nusu, anayeondoka na takwimu zake kwenye kompyuta ya mkononi, ni kitu kingine kabisa. Tunawajua wote wawili, na tunajua ni yupi tunayeletewa mara nyingi.

Lakini kuna jambo ambalo hata mashabiki wa Mauritius hawapendi kulisema kwa sauti. Kasuku huyu hajapona kwa maana ya kupona na kurudi nyumbani. Mwaka 2005 hivi ulilipuka miongoni mwao ugonjwa wa virusi unaoharibu mdomo na manyoya, ugonjwa unaoogopwa kwa kasuku kote duniani. Wakati kile kikosi cha kupanda miti kilikuwa kimefikia kilele cha ufanisi, ikabidi kupunguza kuwashika ndege na kuwahamisha huku na huku, maana mkono unaookoa unaweza kubeba virusi. Hata mitungi ya chakula, ambayo inawaleta pamoja, ikawa ni mahali pa kuangalia kwa macho mawili. Lakini ukiiondoa, wanapungukiwa chakula. Ukiiacha, wanagusana. Hakuna jibu safi hapo, kuna watu tu wanaoosha vyombo na kupima damu na kuandika daftarini.

Kwa wanaofikiri naongeza chumvi, mtazameni yule kozi. Alipanda kutoka wanne hadi mamia, dunia ikashangilia, mwaka 1994 akashushwa daraja la hatari, na kazi kubwa ya kumhudumia ikasitishwa miaka hiyo hiyo. Mradi umefaulu, ahsanteni, kwaherini. Mwaka 2014 akarudishwa kwenye daraja la juu zaidi la hatari, kwa sababu alikuwa anapungua tena. Miaka ishirini tu. Sasa linganisha na muda wa mradi wa kwetu, ambao ni miaka mitatu, na katika hiyo mitatu mwaka wa kwanza ni wa kununua magari.

Nadhani wale wa kasuku walilisoma somo la kozi. Masanduku ya kutagia na chakula havikusitishwa, na kuanzia mwaka 2015 walianza kupeleka ndege wengine kwenye milima ya Bambous, mashariki ya kisiwa, ili kimbunga kimoja au ugonjwa mmoja usiwamalize wote wakiwa mahali pamoja.

Nisiwafanye Wamauritius malaika. Mwaka huo huo wa 2015 serikali yao iliamua kuua popo wa matunda, ambao nao hawapatikani kwingine ila visiwa vile, kwa sababu wakulima wa lichi na maembe walilalamika. Waliuawa zaidi ya 30,000 mwaka huo mmoja, na wakarudia tena miaka iliyofuata. Popo wale ndio wanaosambaza mbegu za miti ya msitu ule ule ambao kasuku anautegemea. Mkono mmoja unapanda, mkono mwingine unang'oa. Mwaka 2018 popo wakapandishwa daraja la hatari.

Na hapa, kwa mara moja, sisi ndio wa kutolewa mfano. Popo wa Pemba, ndugu wa wale wa Mauritius, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amewindwa karibu kumalizika, maana kule ni kitoweo. Wanavijiji wenyewe, Kidike na kwingineko, wakaunda vikundi vya kulinda miti wanakolala popo. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Kulikuwa na wafadhili, ndiyo, na bila shaka kulikuwa na semina. Ila popo analindwa na jirani anayeishi karibu na mti, anayejua nani kaingia usiku na bunduki. Nimesoma ripoti nyingi za uhifadhi wa nchi hii na sijaona jina la huyo jirani kwenye ukurasa wa shukrani.

Kwa hiyo ninyi mlioko kwenye mashirika, wizarani, na nyie wanafunzi mnaoandika maandiko yenu ya kwanza ya kuomba fedha, nina ombi moja dogo la kihasibu, kama yule bwana Myers. Chukueni bajeti yenu. Pigeni mstari chini ya kila kitu ambacho kinamfikia mnyama mwenyewe: sumu ya panya, kamba, ngazi, mshahara wa mtu anayelala msituni. Kisha pigeni mstari wa rangi nyingine chini ya kumbi, chai, usafiri wa washiriki na uchapishaji wa fulana. Mkimaliza nitumieni, majina nitayaficha.

Huko Mauritius kato ver huanza kutaga Agosti au Septemba. Masanduku yote yanatakiwa yawe yameshakaguliwa kabla ya hapo.